Habari za Wakilindi na Shajara za Mtandao

Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, haikutokea duniani ikiwa kitabu kimoja. Ilitolewa kwa mafungu na mtambo wa wamisionari wa Magila, kando ya Usambara ya Mashariki, baina ya mwaka 1895 na 1907. Aliyekwisha soma fungu moja hakuwa na budi kungoja miaka kulipata la pili. Ni mwaka 1962 ndipo J. W. T. Allen alipoitengeneza na kuitoa upya mjini Nairobi. Yafaa jambo hili likumbukwe na wahakiki wanaozidharau shajara za mtandao, yaani blogu, kwa hoja ya kwamba maandishi yatokayo vipande vipande hayawezi kuhesabiwa katika fasihi.

Idharauliwayo kuliko zote ni shajara ya fundi wa tovuti. Leo ameokota programu ndogo ya kupunguza uzito wa picha. Kesho asifu umbo la herufi. Kesho kutwa alinganisha Blogger ya mwaka 1999 na WordPress ya mwaka 2003, kama mkulima alinganishavyo majembe. Waswahili waliotangulia katika uandishi wa blogu, kama Ndesanjo Macha, na Issa Michuzi aliyeanza mwaka 2005, walishughulika zaidi na habari za watu na siasa. Fundi yeye hupenda vyombo, na mapenzi hayo huchosha upesi.

Lakini hebu msomaji atazame jinsi Abdallah anavyosimulia habari za Mbegha. Mwindaji yule afika katika milima akiwa na mbwa na mikuki, aua nguruwe waharibuo mashamba, awapa watu nyama, nao humpa chakula chao. Njiani kwenda Vugha, mji wa watawala usio mbali na Lushoto ya leo, amwua simba usiku, na asubuhi watu wauona mzoga. Uzito wa kisa haumo katika mkuki, bali katika yale ambayo mkuki uliwatendea wenyeji. Hapo ndipo shajara nyingi za mafundi zinapoanguka: zina mkuki, hazina nguruwe. Fundi anayesifu chombo cha kupunguza picha, asimtaje msomaji aliye bondeni Usambara, ambaye mlima umemkinga na mnara wa simu na ukurasa mzito haumfungukii, ameandika orodha ya bidhaa tu.

Katika lugha, hata hivyo, fundi anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, maneno mengi ya kompyuta yaliingia kwa Waswahili yakiwa mageni. Kivinjari chatokana na kuvinjari, kazi ya vyombo vinavyozunguka baharini. Nalo leo hutumiwa na kijana wa milimani asiyewahi kupanda jahazi. Kamati huweza kulitunga neno, lakini haiwezi kulifanya lizoeleke. Mwenye kuliandika kila siku, akieleza kwa nini ukurasa umekwama, ndiye hulilainisha.

Ipo kasoro moja ambayo si ya mwandishi. Chombo cha kuandikia blogu huweka jipya juu na la kale chini, hata msomaji mgeni huanza na mwisho, mfano wa mtu aliyekutana na kifo cha Kimweri kabla hajamjua Mbegha. Fundi stadi huitibu kwa viungo virudishavyo nyuma. Wasio stadi, nao ni wengi, huacha mwanzo uzame.

Na kuzama kupo kwa namna nyingine. Geocities ilifungwa Marekani mwaka 2009, na Google Reader, ambayo wengi waliitumia kukusanyia shajara wazipendazo, mwaka 2013. Tanzania nayo, kwa kanuni za mwaka 2018, iliwataka wenye blogu walipe leseni ya shilingi 1,000,000, ada nzito mno kwa mtu aandikaye jioni kwa mapenzi tu. Mafungu ya Magila yalikuwa karatasi, na baada ya zaidi ya nusu karne Allen aliweza kuyashika mkononi. Ukurasa ulioondolewa huacha anwani tupu, na Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina yale tu ambayo mashine zake zilibahatika kuyapitia.