Theluji Isiyokuwa Nyeupe

Mara nyingi tumewasikia wanafunzi wakidai kuwa kuchora theluji ni kazi nyepesi, kwani karatasi huachwa ilivyo. Wenye kauli hiyo twawaomba waitazame kwa makini picha ya Claude Monet iitwayo La Pie, aliyoichora kwa rangi za mafuta karibu na Étretat, nchini Ufaransa, katika majira ya baridi ya 1868 na 1869.

Mna ua wa fito uliofunikwa na theluji, na kilango mfano wa ngazi, ambacho juu yake ametua ndege mmoja mweusi na mweupe wa jamaa ya kunguru. Nyuma ya ua kuna miti na nyumba. Basi. Jua li nyuma ya vitu hivyo, kwa hiyo vivuli vyaja upande wetu watazamaji, navyo si vyeusi bali ni vya buluu. Theluji iliyopigwa na jua ina umanjano hafifu, kama malai. Weupe halisi twautafuta, tusiuone ila kwa uchache.

Lakini ustadi mkubwa umo katika masafa. Monet hakuyapata kwa njia ndefu izidiyo kuwa nyembamba, kama wengi tufundishavyo; ua wenyewe umeikata picha kwa upana. Ameyapata kwa hewa. Ndege ana weusi kamili, miti ya nyuma imefifia, na nyumba zimeanza kufanana na anga. Aliyepata kuitazama milima ya Ruwenzori kutoka Fort Portal anaijua kazi hiyo ya hewa, hata kama hajakanyaga theluji maishani mwake.

Waamuzi wa Salon ya Paris waliikataa picha hii mwaka 1869. Leo imo katika Musée d'Orsay.

Sisi nasi tunayo lawama moja: watu wako wapi? Katika picha ya Bruegel ya mwaka 1565, wawindaji watatu warudi kijijini na mbweha mmoja tu, na mtazamaji huiona njaa ya majira yale. Monet, aliyekuwa akiishi na Camille na mtoto wao mchanga kwa msaada wa tajiri Gaudibert, aliijua dhiki, wala hakuitia humu. Twaona ni upungufu.

Hata hivyo twamrudia yule ndege. Tumejaribu kumfunika kwa kidole, na papo hapo nyumba za mbali zikaonekana kusogea hadi uani.