Ufundi wa Kuitia Hoja Nguvu

Katika LSAT, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na ambao hadi leo hutumika kuwachuja wanaotaka kusomea sheria nchini Marekani na Kanada, limo swali la mantiki linalomtaka mtahiniwa achague, kati ya majibu matano, taarifa ambayo, ikichukuliwa kuwa ni kweli, huitia hoja nguvu kuliko nyingine zote. Hoja hapa ni mfungamano wa mambo mawili: msingi, yaani ushahidi uliokwisha kukubaliwa, na hitimisho, yaani dai linalojengwa juu ya msingi huo. Kati ya mambo hayo karibu daima huwapo ufa, kwa kuwa hitimisho hufika mbali kuliko ushahidi, likibebwa na dhana ambayo msemaji hakuitamka, na pengine hajui kuwa anayo.

Historia ya tiba inatoa kielelezo bora cha ufa huo. Kipindupindu kilipozuka Soho, London, mwishoni mwa Agosti 1854, tabibu John Snow alidai kwamba chanzo chake kilikuwa maji ya pampu ya Broad Street, akiegemea ukweli kuwa wengi wa waliokufa waliishi karibu na pampu hiyo. Lakini waliochota maji mahali pamoja walivuta pia hewa ya mahali pamoja, na wataalamu wengi wa zama hizo waliamini kuwa hewa chafu ndiyo iliyoeneza maradhi. Kuongeza hesabu ya vifo vya jirani na pampu kusingesaidia kitu, kwa sababu kungethibitisha msingi ambao hakuna aliyeukataa, na ufa ungebaki palepale.

Kilichohitajika ni taarifa za kutenganisha maji na hewa, nazo Snow alizipata. Nyumba ya kuhifadhi maskini ya Poland Street, iliyokuwa na kisima chake, ilizungukwa na nyumba zilizofiwa, ilhali kati ya wakazi wake 535 ni 5 tu waliouawa na kipindupindu; wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu, ambao hawakuwa na desturi ya kunywa maji yake, walisalimika; na huko Hampstead, mbali na Soho, mjane mmoja aliyekuwa akiletewa maji ya Broad Street kwa kuipenda ladha yake alifariki. Wale wa kwanza walivuta hewa bila kunywa maji. Huyu wa mwisho alikunywa maji bila kuvuta hewa. Hakuna hata taarifa moja kati ya hizo iliyorudia dai la Snow, lakini kila moja ilipunguza nafasi ya maelezo ya wapinzani wake.

Mtahiniwa hodari hufuata njia hiyohiyo: hulitambua hitimisho kwanza, hujiuliza ni maelezo gani mengine yanayoweza kuafikiana na ushahidi uleule, ndipo huyageukia majibu. Asiyefanya hivyo hunaswa na jibu linalorudia msingi kwa maneno mapya, au linalozungumzia jambo la kweli lisilogusa dai lenyewe. Tena, kwa kuwa swali lenyewe limeagiza kila jibu lichukuliwe kuwa ni kweli, maneno mazito kama "wote" au "daima" hayapaswi kumtisha, tofauti na maswali ya kutafuta kinachofuata kutokana na maelezo, ambako maneno hayo mara nyingi ni mtego. Wala haimpasi kudai uthibitisho kamili, maana kuitia hoja nguvu ni kuongeza uwezekano wa hitimisho kuwa sahihi, hata kama shaka kidogo itabaki.

Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu humlazimisha mtetezi aazime jicho la mpinzani. Swali la kuimarisha hoja na swali la kuidhoofisha huanzia kwenye ufa uleule, na hutofautiana tu katika kile kinachofanywa baada ya kuuona. Ndiyo maana zoezi hili linamfaa anayejiandaa kuwa wakili, kwani asiyeweza kusema hoja yake ingevunjikia wapi hana namna ya kujua ni ushahidi gani aende kuutafuta.