Mstari wa Penseli wa Rwamagasa

Zebaki ikipata moto wa kutosha hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mchomaji anauvuta, anayepita njia anauvuta, mtoto anayechezea pembeni anauvuta, na hakuna hata mmoja anayeuona. Hapo ndipo kazi ya mpiga picha aliyefika machimbo ya dhahabu ya Geita au Kahama, Tanzania, inapokwama: sumu aliyoifuata haiingii kwenye kamera.

Vinavyoingia ni vingine. Jiwe limetolewa duarani, yaani shimoni, limepondwa kwenye karasha, unga wake umeoshwa mwaloni, na mchanga mzito uliobaki umemiminwa kwenye karai. Zebaki inatiwa, mikono mitupu inachanganya, kitambaa kinakamuliwa, kisha donge la rangi ya fedha linawekwa motoni mpaka ibaki dhahabu peke yake. Kila hatua ina mng'ao na mwendo wa kuvutia jicho. Agosti 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto na zebaki baada ya kufika machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na kuhoji watu zaidi ya 200, wakiwamo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hizo. Picha zilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Lakini picha ya mkono ndani ya karai, ikinyimwa maelezo yaliyoandikwa chini yake, yaweza kutundikwa sebuleni. Tone la zebaki linapendeza mno kuliko linavyostahili.

Mashuhuri kuliko zote kati ya picha za madhara ya zebaki ilipigwa mbali na dhahabu. Mwaka 1971 mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walikuwa Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kimemwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, ikapita kwenye samaki hadi miilini mwa watu. Smith alimpiga picha mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na athari hizo. Nuru ni chache, inaangukia uso na viungo vilivyokakamaa, na weusi unameza vilivyobaki. Smith alisifika kwa kushinda ndani ya chumba cha giza akiuongeza weusi huo na kuusafisha weupe kwa dawa. Yaani mbinu za mchoraji, kwa makusudi kabisa. Dunia iliitazama picha hiyo na kuelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, binti akiwa amekwisha kufariki, wazazi walitaka apumzike, na Aileen akakubali kutoitoa tena kwa machapisho mapya.

Picha hiyo inamwonyesha mgonjwa. Haionyeshi kipimo.

Vipimo vilikuja Geita kwa njia nyingine. Kijiji cha Rwamagasa kilichaguliwa na Mradi wa Zebaki Duniani wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulioanza mwaka 2002 na kufanyika katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Wajiolojia wa Uingereza walikusanya maji, matope ya vijito, udongo, mazao na samaki, wakachora ramani za viwango vya zebaki. Ramani za aina hiyo ni elimu ya kuona kwa maana yake kamili: kila alama imesimama juu ya sampuli, na anayebisha anaweza kurudi pale pale kuchota nyingine. Ila ndani ya ramani hamna mtu.

Aliyemwingiza mtu ni daktari, tena kwa penseli. Utaratibu wa afya wa mradi huo, mbali na kupima damu, mkojo na nywele, una majaribio mepesi ya mkono. Mchimbaji anapewa njiti 20 azirudishe kwenye kiberiti huku muda ukihesabiwa. Anagonga nukta nyingi kadiri awezavyo kwenye karatasi kwa sekunde 10. Kisha anavuta mstari mmoja kati ya kingo mbili bila kuzigusa. Jaribio hilo limetokana na kazi ya mwanasaikolojia Marianne Frostig, aliyelibuni kwa ajili ya watoto. Zebaki iliyojilimbikiza mwilini huharibu mishipa ya fahamu, mkono hutetemeka, na mtetemo huo hubaki kwenye karatasi.

Ifikiriwe vizuri kazi iliyofanyika hapo. Kamera ya Smith ilihitaji jicho la fundi mkubwa ili sumu ionekane. Huku Geita mkono wenyewe ulioishika zebaki ndio ulioshika penseli, na mchoro ukatoka bila msanii. Mstari wa namna hiyo, ukikuzwa na kuwekwa kwenye fremu, ungemsimamisha mtu yeyote.

Ukisimama peke yake, hata hivyo, hauthibitishi kitu. Pombe hutetemesha mkono. Uzee pia, na homa, na uchovu wa aliyekesha shimoni. Ndiyo maana watafiti walikwenda Katoro, huko huko Geita, wakawafanyia vipimo vile vile watu wasiochimba, ili mistari ya Rwamagasa iwe na ya kulinganishwa nayo. Mpaka kati ya usomi na sanaa umekaa hapo, katika uamuzi wa nini kiwekwe pembeni. Fremu moja inamwita mtazamaji amhurumie huyu. Karatasi za sehemu hizo mbili, zikipangwa pamoja na viwango vya zebaki kwenye mkojo, zinamlazimisha aulize kwa nini huyu na si yule. Picha za machimboni zimeegemea mno upande wa kwanza, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa wachimbaji wadogo wana haja ya kujua kuliko ya kuhurumiwa.

Kila mwaka Geita huwa na Maonesho ya Teknolojia ya Madini, na wachimbaji hufika kuangalia mashine. Hapo wangeweza kuonyeshwa na mvuke wenyewe. Taa ya mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, mbele ya ubao unaong'aa kwa mionzi hiyo, hufanya mvuke wa zebaki utupe kivuli kinachopanda kama moshi, kwa sababu mvuke huo unaimeza mionzi hiyo hiyo. Banda moja lingeweza kuiweka taa hiyo ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, na ukutani mistari ya penseli ya Rwamagasa na Katoro, majina yakiwa yameondolewa na wenyewe wameridhia. Ridhaa hiyo ingepaswa kuombwa upya, maana aliyevuta mstari alikuwa mbele ya daktari, hakuwa akichora kwa ajili ya maonesho.