Wanaotusomea Habari kwa Kimaa

Redio ilipoanza Kenya mwaka 1928, ilizungumza na walowezi kwa Kiingereza. Leo mfugaji wa Kisaju, Kajiado, anaweza kusikiliza Nosim FM, idhaa ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, na wengi tunadhani kazi ya mtangazaji ni kuongea tu. Lakini utabiri wa mvua hufika umejaa "wastani" na "asilimia". Mtangazaji ana dakika chache za kuusema kwa namna itakayomsaidia mtu kuamua kama auze ng'ombe sasa au asubiri. Katika matangazo ya vifo, jina la marehemu halikosewi, maana jamaa zake wanasikiliza. Kisha simu zinafunguliwa, na hasira yote ya maji, malisho na ploti humwangukia yeye, naye akiwa hewani haruhusiwi kufoka.