Kiingereza cha Dereva wa Watalii

Watu husifu macho ya mwongoza watalii, jinsi anavyomwona chui pale ambapo wengine wanaona matawi tu. Mimi nasifu ulimi wake. Na simaanishi kile Kiingereza cha vipeperushi, ambamo kila ufukwe ni paradiso na kila machweo hayasahauliki. Nasema kile cha dereva aliyekomaa kazini, anaposimama na wageni wake ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro.

Msikilize. Haanzi na historia, anaanza na kinachoonekana. Kule chini kwenye weupe ni Ziwa Magadi. Vile vidoti vyeusi ni nyati. Ananyamaza, darubini zinapokezanwa. Wakishaona, ndipo anapotoa hesabu: kina cha mita 600 hivi, sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260. Kama kuna Mmarekani kundini, anamtajia pia futi 2,000 na maili za mraba 100, kabla hajaulizwa. Kila sentensi imebeba jambo moja.

Ana sababu. Mjerumani, Mwitaliano na Mchina walio mbele yake nao Kiingereza wamejifunza darasani. Sentensi ikijikunja, nusu ya gari imebaki nyuma. Kwa hiyo anapunguza maneno, lakini maarifa hayapunguzi: wakifika Bonde la Olduvai atawaeleza kuhusu fuvu la zamadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na hata mgeni mwenye Kiingereza cha kuombea maji ataelewa.

Garini mambo hubadilika. Simba akijitokeza, sarufi inawekwa kando. Mwelekeo anautoa kwa namba za uso wa saa: 12 ni boneti, 3 ni kulia, 9 ni kushoto. Kisha anataja mti, kisha kivuli cha mti, kisha sikio linalocheza nyasini. Jicho la mgeni linashikwa mkono mpaka litue. Sauti inashuka kadiri gari linavyosogea, na injini ikizimwa, naye anakaa kimya. Wakati wote huo redio inaongea Kiswahili, madereva wakipashana habari kwa mafumbo ili wageni wasipate matumaini ya bure. Sikio moja liko huko, huku akimjibu mtoto wa mgeni swali la fisi.

Kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni namna anavyoahidi. Mgeni anauliza: leo tutamwona faru? Kipeperushi kilishamwambia atamwona. Dereva anajibu kwamba faru wapo humu, mara nyingi huonekana kwa mbali, na tutawatafuta. Sentensi tatu fupi, zote za kweli. Jua likizama bila faru, hakuna aliyedanganywa.

Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, kimetoa wataalamu wengi wa wanyamapori, na vyuo vya utalii vinafundisha Kiingereza kwa bidii. Lakini kujua lini useme na lini unyamaze hupatikana nyuma ya usukani, na wenye ujuzi huo zaidi wanakaribia kustaafu. Wakuu wa vyuo, waiteni wazee hawa darasani, na muwalipe kama walimu.