"Sahani" au "Bamba"?

Katika baadhi ya tafsiri za jiografia tumekuta "sahani ya Hindi". Mfasiri amefuata neno la kigeni, hakufuata maana. Sahani ni chombo cha chakula. Wengine huandika "bara Hindi lilihama". Hilo nalo lapunguza maana, kwani kilichohama ni pande la mwamba lililobeba nchi kavu pamoja na sakafu ya bahari. Pande hilo liliachana na Madagaska yapata miaka milioni 90 iliyopita, likaelekea kaskazini, likagongana na Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita. Ndipo Himalaya ikaanza kuinuka. Sisi twapendelea "bamba". Twasema bamba la chuma: kitu kipana, kigumu, ambacho kikisukumwa kingo zake hujikunja. Mwanafunzi alisikiapo neno hilo, amekwisha kuielewa nusu ya somo.