Kasi Moja, Maana Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Matangi ya Kutuamishia Maji

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa utamu wake masikioni. Katika uhakiki huu tunakusudia kulichunguza neno kasi, jinsi linavyotumika katika hesabu za matangi ya kutuamishia maji. Mifano yetu tumeitoa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako maana za maneno haya huonekana kwa macho.

Katika majira ya mvua Mto Luiche huteremsha tope hadi ziwani, kusini ya Ujiji. Maji yafikapo ziwani mwendo wake hupungua. Mchanga hutangulia kuzama, na udongo laini hufuata baadaye. Mtu aliyeteka maji ya tope huyaacha mtungini yatuame, kisha huyamimina taratibu asije akayatibua mashapo. Vitenzi tuama, tibua na mimina, pamoja na nomino mashapo, ni mali yetu ya tangu zamani, na tangi la mtambo wa maji hufanya kazi iyo hiyo ya mtungi. Tofauti ni moja tu: katika tangi maji hayasimami, bali huingia upande huu na kutoka upande wa pili bila kukoma. Hapo ndipo hesabu inapohitajiwa, na hapo ndipo neno kasi linapotuangusha.

Tuchukue tangi la mfano lenye urefu wa meta 20, upana wa meta 5 na kina cha meta 3, linalopokea meta za ujazo 100 za maji kila saa. Humo mna vipimo vitatu ambavyo vyote huitwa kasi:

1. Wingi wa maji yanayopita, yaani meta za ujazo 100 kwa saa.
2. Mwendo wa maji kwenda mbele. Tukigawa 100 kwa mkato wa tangi, yaani meta za mraba 15, twapata meta 6.7 kwa saa.
3. Wingi wa maji ukigawanywa kwa eneo la uso wa tangi, yaani meta za mraba 100. Jibu ni meta 1 kwa saa, nayo ndiyo inayoamua ni chembe zipi zitakazozama zote na ni zipi zitakazoponyoka.

Tuseme mwanafunzi ameandikiwa kwamba kasi isizidi meta 1 kwa saa. Akidhani ni mwendo wa kwenda mbele, ataizidisha kwa mkato na kuruhusu meta za ujazo 15 tu kwa saa. Mji utapata chini ya sehemu moja ya sita ya maji yake. Kinyume chake, akiichukua ile 6.7 na kuizidisha kwa eneo la uso, atafungulia meta za ujazo 670 kwa saa. Maji hayo yatakaa tangini dakika 27 hivi badala ya saa 3, na yatatoka na tope lake.

Liko kosa jingine. Mhandisi Mmarekani Allen Hazen alionyesha mwaka 1904 kwamba, kwa chembe zinazozama kila moja peke yake, eneo la uso ndilo lenye uzito, si kina. Tukilichimba tangi letu lifikie meta 6, mwendo wa mbele utapungua nusu na muda wa maji kukaa tangini utaongezeka mara mbili, lakini kipimo cha tatu kitabaki meta 1 kwa saa. Chembe zilizogandamanishwa kwa shabu zina hesabu yake ya ziada; hata hivyo, mtu mwenye neno moja kwa vipimo vyote atachimba akitumaini kupanua, na saruji itapotea bure.

Tiba zinazopendekezwa mara kwa mara hazitutoshelezi. "Kiwango cha mtiririko" kinagongana na kiwango cha maji ya ziwa, ambacho wakazi wa mwambao walikiona kikipanda mno mwaka 2020 na 2021. Kukifasiri kipimo cha tatu neno kwa neno kutoka Kiingereza kutatupa "kasi ya mafuriko", nayo mafuriko ni msiba, si kipimo. "Mgawo wa maji" nao umekwisha kuchukuliwa: kila mwenye bomba kavu anaujua.

Sisi twapendekeza kipimo cha kwanza kiitwe mmiminiko, na cha pili mwendokasi. Kwa cha tatu, sarufi yetu yenyewe inatupa njia. Chembe ina kasi ya kutuama. Tangi lina kasi ya kutuamisha. Chembe ambayo kasi yake ya kutuama haipungui kasi ya kutuamisha ya tangi, itazama. Huenda ikasemwa kwamba maneno haya yanakaribiana mno. Ni kweli, na ndivyo yapasavyo kuwa, kwa maana kazi ya fundi ni kuvilinganisha vitu hivi viwili. Kiambishi kimoja cha kutendesha kimebeba tofauti ambayo vinginevyo ingehitaji sentensi nzima.

Jambo hili si la darasani tu. Mwezi Mei 1915 ulipita karne moja kabla ya ule wa 2015, ambapo kipindupindu kilizuka Kagunga, kaskazini ya Kigoma, miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi waliokusanyika ufukoni. Katika hali kama hiyo klorini hutegemewa, nayo hudhoofika katika maji yenye tope, kwa kuwa vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Tope lililopaswa kubaki tangini likitoka, dawa hupotea na maradhi hubaki.

Kwa hiyo twawaomba walimu na mafundi wa maji wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee hukumu yao. Neno litakalomwezesha fundi kufungua vali kwa kipimo sahihi ndilo litakalostahili kusanifiwa.